Penseli ya babu

Leo tumeshinda Ngamiani, Tanga, tunasafisha chumba cha marehemu babu. Chini ya sanduku lake, chini kabisa, kumetandikwa magazeti. Sunday News. Manjano, yamenyauka, ukiyashika vibaya yanakatika.

Babu alikuwa karani wa mkonge. Bibi anasema Jumapili hakuna aliyemsemesha mpaka amalize gazeti lake.

Nikakaa chini sakafuni. Ufagio pembeni.

Mnajua historia ya Sunday News? Kampuni yake ndiyo iliyokuwa na Tanganyika Standard, la tangu 1930, gazeti la wakoloni hasa. Februari 1970 Mwalimu akalitaifisha, uhariri akapewa Frene Ginwala wa Afrika Kusini, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge la kwao mwaka 1994. Aprili 1972 Standard likaunganishwa na Nationalist, gazeti la TANU, likazaliwa Daily News, na mhariri akawa Mkapa. La Jumapili likabaki na jina lake lilelile, ila mwenyewe sasa ni mwingine.

Lakini kilichonishika ni penseli.

Babu alikuwa anazungushia maneno magumu ya Kiingereza, pembeni anaandika maana yake kwa mwandiko mdogo wa kikarani. Kwenye ukurasa mmoja amezungushia neno la kutaifisha. Pembeni hakuandika maana.

Ameandika: "Sasa letu."

Nimelia, jamani.

Nimeyafunga kwenye kanga ya bibi. Wenye wazee waliokuwa wasomaji wa magazeti, kwenu Jumapili lilisomwa lipi? Na nani alikuwa wa kwanza kulishika?