Kichupa cha Babu

Jana usiku nilikuwa natia mafuta cherehani. Binti yangu akanusa, akauliza, "Mama, mbona kunanuka kama kwa Babu?" Mkono ukanisimama. Alikuwa na miaka minne tu wakati ule.

Babu alikuwa jirani yetu, Mzungu wa ghorofa ya chini aliyeshona mikoba ya ngozi ya bastola. Miaka yote aliponikaribisha kwenye maonyesho ya bunduki pale ukumbi wa Cow Palace, Daly City, California, nilikataa. Nimetoka Uvira, Kongo, kukimbia bunduki. Nikazitazame kwa kiingilio? Lakini mwaka 2019 mgongo ulimwelemea, hakuwa na wa kumbebea maboksi, nikaenda.

Getini walisimama watu wa Visitacion Valley, mtaa wa jirani, na mabango yao ya kupinga maonyesho, kama walivyofanya miaka mingi. Mmoja alikuwa mama ninayekutana naye nikimchukua mtoto chekechea. Aliniona na boksi langu. Niliinamisha uso.

Ndani, Babu alianza kuhesabu meza tupu. Hapa alikaa fundi wa vitako vya mbao vya bunduki, pale muuza bunduki za kale. Sasa palikuwa na nyama kavu, soksi, asali. Tangu Julai hata mnunuzi wa risasi alipaswa kukaguliwa kwanza, na bodi ya ukumbi ilikwisha kuamua: kuanzia 2020, maonyesho ya bunduki basi.

Saa nane hivi, nyuma yangu, chuma kikagonga chuma. Kra-chak!

Sikumbuki kuinama. Nakumbuka sakafu ya saruji shavuni, baridi, na viatu vya watu vikipita. Nilikuwa chini ya meza, mikono kichwani, nikingoja mlio unaofuata. Badala yake nikaona magoti ya Babu. Alishuka polepole, akigumia, na mgongo wake ule ule, akakaa sakafuni kando yangu. Hakuniuliza kitu. Tulikaa hivyo mpaka pumzi zikanirudi. Kisha akanionyesha kwa kidole: jirani yetu alikuwa amekosa wateja, anafunga mapema, anakunja miguu ya meza yake.

Tulipoinuka aliuongoza mkono wangu hadi kwenye bunduki ya meza ya pili, nikaugusa ule mkanda mwembamba wa plastiki uliopitishwa ndani yake isiweze kupakiwa. "Zote zimefungwa," alisema. "Zote, binti yangu."

Maonyesho yalipokoma nilifurahi, na leo ningefurahi vilevile. Jioni ile ile nilimpelekea Babu chai, nikamkuta ameipanga mikoba isiyouzwa kitandani, anaipaka mafuta mmoja mmoja. Nilikaa nikamsaidia. Yule mama wa chekechea sijawahi kumweleza chochote.

"Ni mafuta tu," nilimjibu binti yangu. Kichupa chenyewe ni cha Babu, aliniachia kabla hajafa. Kimebaki robo. Kikiisha, sijui kama nitanunua kingine cha aina ile.