Sili si sili: nilivyouza vifaa vya injini za ndege za kijeshi nikiwa Nakuru

Duka langu liko Nakuru, na kwa miaka mingi nimeuza beringi, gasketi na sili za matatu na trekta. Mtu akija na sili iliyochakaa naipima, namtafutia inayolingana, analipa, anaondoka. Kwa hiyo nilipoona tangazo la zabuni ya vifaa vidogo vya injini za ndege za kijeshi, tena katika lile fungu la asilimia 30 la vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, nilijiambia sili ni sili.

Shemeji yangu, fundi mstaafu wa injini za ndege anayeishi Lanet, alicheka mpaka akaweka kikombe cha chai chini. "Shemeji, hawa hununua karatasi kwanza, kifaa baadaye."

Alianza kwa kuniambia nisiguse nini. Ukisikia J85, ile injini ya General Electric inayosukuma ndege za kivita za F-5 ambazo Kenya ilianza kuzipokea 1978, usijisumbue hata kuuliza bei, maana bila kibali cha serikali ya Marekani muuzaji wa kule hatakutumia kitu. Na mambo mazito ya ulinzi hayafiki gazetini. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 imeyawekea utaratibu wake wa siri. Zabuni za watu kama mimi ni za waya, oringi (zile pete za raba za kuzuia uvujaji) na vichujio vya mafuta.

Kisha tukakaa na lile jedwali la vifaa jioni tatu. Vingi vilikuwa na namba ya tarakimu 13, nami nilidhani ni mpiga chapa aliyepitiwa. Kumbe ni namba ya bohari ya NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ambayo hata nchi zisizo wanachama huitumia. Nne za mwanzo ni kundi la bidhaa: 2840 ni injini za turbini za ndege na sehemu zake. Mbili zinazofuata ni nchi iliyokiorodhesha kifaa: 00 au 01 ni Marekani, 99 Uingereza, 14 Ufaransa. Saba za mwisho ni za kifaa chenyewe. Palikuwa pia na MS20995C32, waya wa kufungia bolti zisilegee kwa mtikisiko. C ni chuma kisichoshika kutu, na 32 ni unene wake, 0.032 ya inchi. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu ya waya wa mabati wa hapa mjini.

Zabuni ya kwanza niliangushwa kabla bei yangu haijatazamwa. Dhamana ya benki haikunisumbua, kwa sababu kundi letu husaini tamko tu. Kilichoniponza ni kurasa. Sheria inataka zote zipewe namba kwa mfuatano, nami asubuhi ya mwisho nilichomeka nakala ya cheti cha kodi kati ya ukurasa wa 41 na 42. Nilikuwa na siku 14 za kupinga uamuzi, lakini ningepinga nini?

Ya pili nilishindwa kwa bei. Hiyo haina hadithi.

Ya tatu nikashinda, na furaha ikadumu mpaka nilipoanza kutafuta mzigo. Muuzaji mmoja wa ng'ambo alinipa bei ya vichujio iliyokaribia nusu ya wenzake, akanitumia picha safi pamoja na vyeti viwili vya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ile Fomu 8130-3 inayothibitisha kuwa kifaa kinafaa kufungwa kwenye ndege. Shemeji alivitazama kidogo tu. Vifaa tofauti, tarehe tofauti, lakini namba ya ufuatiliaji ni ileile. Akanikumbusha AOG Technics ya London, iliyogundulika mwaka 2023 kuwa imeuza vipuri vya CFM56, injini za ndege za abiria, kwa vyeti vya kughushi, mashirika makubwa ya ndege yakabaki kufungua injini kuvisaka. Nikaenda kwa muuzaji wa bei ghali. Faida ikabaki ya kununulia unga.

Hapo ndipo nikafanya ujinga wangu mwenyewe. Oringi zilifika zikiwa kwenye vifuko vya kiwandani, kila kimoja na lebo yake: namba ya kifaa, namba ya kundi, na robo ya mwaka ambayo raba yake ilipikwa. Raba huzeeka hata ikiwa kabatini, kwa hiyo robo hiyo ndiyo inayohesabiwa. Mimi, kwa mazoea ya duka, nilifungua vifuko nihesabu vizuri, nikazipanga upya kumi kumi kwenye mifuko yangu ya nailoni. Nadhifu kweli! Kamati ya ukaguzi na upokeaji iliupitisha waya na vichujio. Ilipofika kwenye oringi, mkaguzi aliinua mfuko mmoja, akaugeuza, akaniuliza kwa upole, "Mama, hii imezaliwa lini?"

Sikuwa na jibu. Lebo nilikuwa nimezitupa. Oringi 40, nzima kabisa, zikarudi nami kwenye matatu ya Nakuru.

Nilinunua nyingine kwa pesa za duka, nikazipeleka bila hata kulegeza kamba ya boksi, zikapokelewa. Zile 40 niliziweka kwenye kopo chini ya kaunta. Juzi fundi wa pampu za maji kutoka Bahati alichukua sita. Aliuliza bei tu.