Tarehe 16 Juni, Mpeketoni: misa, mahamri na suruali moja

Saa kumi na moja na robo, alfajiri

Muadhini ameniamsha kabla ya jogoo, kama kawaida. Msikiti uko upande wa soko, mimi naishi upande wa barabara ya kwenda ziwani, na kwa upepo huu wa kusi sauti inafika kama inatokea uani kwangu. Mwaka wa shambulio, 2014, na miwili iliyofuata sauti hiyo ilikuwa ikinikalisha kitandani moyo unadunda. Siwafichi. Leo nimegeukia ukutani nikaiba dakika kumi zaidi.

Kwa msioijua Mpeketoni: ni Lamu, lakini si ile ya kisiwani yenye punda na majumba ya mawe. Huku ni bara, ni mashamba. Baba alikuja miaka ya 1970, serikali ilipogawa ardhi kwenye mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta. Akapanda pamba, mahindi na mikorosho. Kitovu changu kimezikwa hapa, kwa hiyo mtu akiniambia nirudi kwetu huwa namuuliza anionyeshe njia.

Leo ni Jumatatu. Usiku wa Jumapili tarehe 15 Juni 2014, watu wenye bunduki waliingia mjini kwa magari, wakashambulia kituo cha polisi, wakachoma hoteli na majengo mengine, wakawa wanawatoa wanaume nje na kuwauliza dini yao. Usiku wa pili wakaenda kijiji cha Poromoko. Waliokufa walipita 60, karibu wote wanaume. Al-Shabaab walisema ni wao. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akasema ni mtandao wa kisiasa wa humu humu. Wakati wakubwa wanajadili ni nani, sisi tulikuwa tunachimba makaburi.

Kaka yangu alikuwa ametoka kwenda kutazama Kombe la Dunia. Uswisi walikuwa wakicheza na Ekwado. Walishinda Uswisi, 2-1, bao la mwisho likaingia dakika za nyongeza. Nilikuja kuambiwa na mwanangu miaka mingi baadaye. Sijui kama kaka aliliona.

Saa kumi na mbili na nusu

Misa ya asubuhi siku za kazi huwa na watu kumi na wawili, na nusu yao ni wanakwaya. Leo tumejaza safu za mbele. Mlangoni kijana anakagua mikoba, mambo yaliyoanza baada ya wanafunzi kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, kesho yake ikiwa Ijumaa Kuu. Waliokufa walikuwa 148, wengi wao wanafunzi. Kijana amefungua mkoba wangu akakuta mkasi wa nguo, akaniangalia, nikamwambia, "Mwanangu, ni mkate wangu huo." Akacheka akanipisha.

Katekista amesoma nia za misa. Majina hayasomwi tena yote. Tunasema "ndugu zetu wa mwaka 2014" na kila mtu anataja wa kwake kimoyomoyo. Kisha tukafika kwenye Baba Yetu.

Hapo nina kisa. Tangu mazishi nilikuwa nikifika kwenye "utusamehe makosa yetu" nasema vizuri, kisha nafunga mdomo mpaka "usitutie katika kishawishi". Kile kipande cha katikati kilikuwa hakipiti kooni. Nikaona naigiza, nikaenda kwa padri tuliyekuwa naye wakati ule, nikamwambia nataka kuacha kuja kanisani kwa sababu pale nadanganya.

Akaniuliza, "Ukinyamaza, hiyo sala inakatika?"

"Haikatiki, Padri. Wengine wanaendelea."

"Basi nyamaza. Wenzako watakusemea."

"Mpaka lini?"

"Mimi kalenda yako sina, Mama."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya msamaha na mengi yamenipita. Hayo maneno mawili, *wenzako watakusemea*, ndiyo yaliyonibakisha kanisani. Kwa sababu nilikuwa nimeshaonja yale mengine. Majuma mawili baada ya mazishi alikuja mhubiri kutoka mbali na spika zake na mpiga picha wake. Akawapanga wajane mstari mmoja akiwapitishia kipaza sauti: "Umesamehe, mama? Sema mbele ya Bwana!" Jirani yangu, aliyemzika mume na mtoto wa kiume siku moja, akasema, "Nimesamehe." Watu wakapiga makofi. Jioni nilimkuta jikoni kwake nikamuuliza kama ni kweli. Akanijibu, "Ningesema nini, na unga uko pale mbele yangu haujagawiwa?"

Leo nilikaa karibu na bibi mmoja mzee mwenye sauti ya kukwaruza. Kile kipande cha "kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea" amekisema kwa nguvu kuliko vyote, kama anayemwita mtu ng'ambo ya shamba. Yeye alipoteza wawili. Mimi nilisema au sikusema, hilo mniachie.

Saa mbili

Kabla ya kufungua duka napita kwa Bi Mkubwa kuchukua mahamri manne na mbaazi. Yeye ni Mbajuni, ni mtu wa msikitini, na mimi ni fundi wake wa buibui tangu nilipokuwa naanza kushona.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje leo?"

Huwa haulizi hivyo. Siku nyingine huuliza, "Mangapi?" Leo ameuliza nimeamkaje, akaongeza hamri la tano bila kusema neno, akafunga karatasi.

Mwaka 2014 mahamri yake yalilala wiki nzima. Hakuna aliyemwambia baya, watu walipita tu upande wa pili wa barabara, na mimi nikiwamo. Siku ya matanga yetu alikuja na sufuria ya wali kichwani, akasimama langoni. Uani palikuwa na watu kama arobaini. Wote wakawa kimya. Hakuna aliyesema karibu, hakuna aliyesema ondoka, na sufuria iko kichwani na jua ndilo hilo. Mama yangu mzazi ndiye aliyeinuka. Alikuwa ametoka kumzika mwanawe. Akaipokea sufuria akaitua, akavuta mkeka akasema, "Kaa." Bi Mkubwa akakaa mpaka magharibi na hakusema neno hata moja. (Wale rafiki zake Ayubu nao walianza vizuri, siku saba wamekaa chini kimya. Wakaja kuharibu walipofungua midomo.)

Wali ule uliliwa. Kesho yake mama alinituma kwake kurudisha sufuria, na ndani ameweka mahindi mabichi. Kwetu sufuria hairudi tupu.

Saa tatu hadi saa sita

Kazi. Sketi 14 za shule, za kijani, zipu ubavuni. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mkanda wake umelegea kiasi kwamba kila nikishona pindo refu unatoka. Bobini nayo leo imekula uzi mara tatu. Nimesema maneno ambayo mtu aliyetoka misa hapaswi kusema.

Saa nne hivi amekuja mwalimu mmoja kijana na mitandio miwili ya kupinda kingo. Kitambaa chepesi kile kinachoteleza. Lazima uloweshe ncha za vidole ndipo kitulie chini ya sindano. Kila nikishika mtandio namkumbuka Salah Farah. Desemba 2015 basi la kwenda Mandera lilisimamishwa na watu wenye silaha, wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Wakakataa. Akina mama wa Kiislamu walikuwa wamewapa wenzao mitandio wajifunike wasitambulike. Salah Farah, naye mwalimu, alikuwa mmoja wa waliokataa. Akapigwa risasi, akafa hospitalini Nairobi Januari 2016. Habari zilipofika kwenye redio nilikuwa nimekaa papo hapo nilipokaa leo. Nikapima kwa macho: mita moja na nusu ya kitambaa, labda mbili. Ile ndiyo iliyokuwa kati ya mtu na kaburi, na mtu wa kukubali kuivua.

Kwenye jumuiya yetu ndogo ya kanisa mmoja aliuliza kama inaruhusiwa Mkristo kumwombea Mwislamu misa. Wakabishana hadi giza likaingia. Mimi nilikuwa nimeshapeleka nia yangu.

Mwalimu nimemtoza shilingi 100 kwa yote miwili.

Saa saba

Stima imekatika. Ugali, mchicha, maji ya ndimu. Nimelala kwenye kiti.

Saa nane u nusu

Ameingia mtoto wa kaka. Nasema mtoto, ana miaka 19 na akisimama mlangoni duka linakuwa giza. Baba yake alipouawa alikuwa na nane.

"Shikamoo, Shangazi. Alhamisi nimeitwa bandarini kule Lamu, mahojiano ya kazi. Sina suruali ya kitambaa."

Nilijua hiyo siku itakuja, sikujua itakuja leo. Nyuma ya pazia ninakobadilishia wateja kuna msumari, na kwenye msumari kuna suruali ya bluu iliyokolea ndani ya mfuko wa nailoni. Kaka aliileta Jumamosi tarehe 14 nimpunguzie miguu. "Nitaipitia Jumatatu," akasema. Jumapili baada ya misa niliitia alama kwa chaki nikaishikiza kwa uzi mweupe, mishono mirefu ya mkono, ili Jumatatu asubuhi niipige cherehani mara moja.

Nimeitoa. Kijana ameiangalia, akauliza ya nani. Nikamwambia.

Hakusema kitu. Akaingia nyuma ya pazia. Nikasikia mshipi, nikasikia msumari unagonga ukuta, kisha kimya kirefu mpaka nikataka kumwita. Akatoka. Kiunoni kama imekatwa kwa ajili yake. Chini inaishia juu ya vifundo vya miguu, maana amempita baba yake kwa urefu, na juu ya hapo mimi nilikuwa nimeipunguza.

"Ni fupi," akasema. "Halafu ni pana, Shangazi. Hizi zilikuwa za enzi gani? Nibanie huku chini."

Nikacheka, jamani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kuambiwa suruali ya kaka imepitwa na wakati.

Alipotoka nikachukua wembe. Ule uzi mweupe umekuwa rangi ya chai. Ukiuvuta haukatiki vizuri, unavunjika vipande vipande, ikabidi nichokoe mshono mmoja mmoja kwa ncha ya sindano. Chini ya upindo kitambaa bado ni kipya, bluu yenyewe ya dukani, na chaki bado ipo, mstari mweupe mnyoofu kama wa jana. Nilikaa nayo magotini muda mrefu. Mteja mmoja alichungulia akaniona, akasema atarudi kesho.

Saa kumi na moja jioni

Jumuiya, nyumbani kwa yule bibi wa sauti ya kukwaruza. Rozari, kisha somo, kisha mambo ya pesa ambayo ndiyo hutuchelewesha. Tuna mfuko mdogo tulioanzisha baada ya kijiji cha Widho kushambuliwa Januari 2022, ukapata kazi tena Juni 2023 walipouawa watu watano vijiji vya Salama na Juhudi. Hautajirishi mtu. Umenunua mabati, umelipa karo, na kuna msimu ulikuwa unalipa vibarua wa kupalilia shamba la mjane mmoja aliyekuwa anaogopa kwenda huko peke yake. Baadaye tukaona hahitaji vibarua, anahitaji watu. Tukaenda wenyewe na majembe kwa zamu, Jumanne na Alhamisi, mmoja akiangalia msitu na wengine wakiangalia magugu. Nadhani hiyo ilikuwa rozari nzuri kuliko tunazosali.

Leo ubishi ulikuwa kama tuwaalike akina mama wa msikitini siku ya kupanda miche makaburini. Mwenyekiti anataka, katibu anasema bado mapema. Miaka 11, mapema! Lakini mume wake yuko kwenye hayo makaburi, kwa hiyo nilijizuia. Hatukukubaliana. Tumeahirisha hadi Jumatatu ijayo.

Saa tatu usiku

Stima imerudi lakini pasi ninayoiamini ni ya makaa. Nimeshusha upindo wote na kubana miguu inchi moja kila upande. Ile alama ya mkunjo wa zamani imegoma. Nimeipiga maji, nikaipiga siki na kitambaa cheupe juu yake, ikafifia, haikutoka.

Kijana amekuja kuichukua, ameivaa, amejigeuza mbele ya kioo kama bwana harusi.

"Pesa ngapi, Shangazi?"

Nikafungua daftari la zamani, lile la mwaka 2014, nikamwonyesha mstari: jina la baba yake, *kupunguza suruali, 150, hajalipa*.

Akausoma mara mbili. Akaniuliza na ya leo ni ngapi. Nikamwambia 200.

"Nitalipa zote nikipata kazi."

"Baba yako alisema hivyo hivyo."

Nikachukua kalamu nikaandika chini yake: *kushusha na kubana, 200, hajalipa*.