Mkeka wa Alfajiri na Hesabu za Korosho

Nilianza kufanya yoga kwa sababu ya kiuno, wala si kwa sababu ya roho. Miaka mingi ya kubeba viroba dukani kwangu hapa Mikindani, Mtwara, ilikuwa imenikaza mgongo kiasi kwamba hata kurukuu kulikuwa taabu, na kijana mmoja niliyekutana naye ufukweni Shangani akanionyesha mikao mitatu ya kunyoosha mgongo na mapaja. Nikawa naifanya kila siku baada ya swala ya alfajiri, juu ya mkeka wa ukili, kabla watoto hawajaanza kugonga dirisha la duka wakitaka robo ya sukari. Baada ya miezi michache kiuno kilitulia, na kama ningeishia hapo ningewaambia watu kwamba yoga ni dawa nzuri ya mgongo, na maneno yangekwisha.

Nikataka kujua mambo haya yametoka wapi. Mafunzo ya yoga yalikusanywa kwa ufupi mkubwa katika Yoga Sutra, kitabu cha kale cha Kihindi kinachonasibishwa na Patanjali, chenye sura 4 na vifungu 195 au 196 kutegemea nakala. Kifungu cha 2 cha sura ya kwanza kinasema kwamba yoga ni kutuliza misukosuko ya akili. Nilichoshangaa ni kuwa mikao ya mwili, ambayo mimi niliidhani ndiyo yoga yenyewe, imepewa vifungu 3 tu, na cha kwanza kinataka mkao uwe thabiti na wa raha, basi. Katika viungo 8 vya njia hiyo, mkao ni cha tatu; vinavyotangulia ni yama, yaani makatazo, na niyama, yaani mambo ya kujilazimisha. Nikaona kwamba nilikuwa nimeanza kupaua nyumba kabla ya kusimamisha nguzo.

Makatazo ni matano: kutodhuru, kutosema uongo, kutoiba, kutoiachia tamaa ya mwili, na kutolimbikiza. Niliyasoma kwa haraka, kama mtu anayepitia daftari la madeni akijua jina lake halimo. Lakini ukikaa kimya kila alfajiri ukifuata pumzi inavyoingia na kutoka, mambo uliyoyafungia chini hupanda juu yenyewe, na lililonipandia mimi lilikuwa kangomba.

Kwa msomaji asiye wa Kusini nieleze. Korosho huvunwa kuanzia mwezi wa tisa au wa kumi, na kabla ya hapo mkulima mwenye mgonjwa au mwenye ada ya shule huwa hana kitu mkononi. Hapo ndipo hutokea mtu mwenye fedha akamkopesha, ili alipwe korosho wakati wa mavuno kwa bei ya kutupa, halafu yeye azipeleke kwenye chama cha msingi cha ushirika ziingie mnadani kwa bei ya kweli. Biashara hiyo imekatazwa na serikali, nami niliifanya misimu miwili nikiiita msaada. Sikumwibia mtu usiku. Nilimwibia mchana, akiniambia ahsante.

Nilimweleza mjomba wangu, kwa kuwa mambo mazito kwetu humalizwa na wajomba. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo. “Mpwa wangu,” akasema, “hilo mbona uliambiwa jandoni? Umelizungukia mpaka India?” Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona alikuwa na haki. Ila jandoni niliambiwa na wakubwa, na safari hii nilijiambia mwenyewe, nikiwa nimekaa peke yangu pasipo mtu wa kumdanganya.

Wapo wanaoniuliza kama ninabadili dini. Niyama ya nne ni kujisomea, maandiko na nafsi pia, na mimi naona iko karibu sana na muhasaba, yaani kujihesabu nafsi, tuliofundishwa madrasa. Ya tano ni kujisalimisha kwa yule ambaye Patanjali anamwita Ishvara. Hapo simtafsirii Mhindi imani yake, wala simwachii anitafsirie yangu. Ninaposujudu ninajua ninamsujudia nani.

Kitabu hicho kinasema pia kwamba zoezi hushika mizizi likifanywa kwa muda mrefu, bila kukatizwa na kwa moyo wa dhati, na kwamba huenda sambamba na kuachilia, kwa Kisanskriti vairagya. Kwangu kuachilia kulikuwa na sura ya daftari. Nilipiga hesabu ya tofauti ya bei ya misimu ile miwili, nikaanza kuirudisha mtu mmoja mmoja, wengine kwa fedha na wengine kwa unga na sabuni. Mzee mmoja alikataa, akisema makubaliano ni makubaliano, na kukataa kwake kuliniuma kuliko kama angenitukana. Majina mawili bado yamebaki.

Mgongo siku hizi hausumbui. Akili ndiyo kazi: juzi alfajiri, upepo wa kusi ukipiga makuti, nilianza kuhesabu pumzi kwa utulivu kabisa, moja, mbili, tatu, na nilipofika kumi na mbili nikagundua kwamba zile nilizokuwa nikihesabu zilikuwa kilo. Nikarudi kwenye moja.