Alati ya diski ilivyoninyima usingizi

Jamani mwaka jana niliandika alati (onyo la kujiendesha) ya diski kwenye Prometheus, programu inayofuatilia hali za seva, kitu kidogo tu, ikijaa zaidi ya 80% kwa dakika 10 nipigiwe, nikairusha hewani usiku nikaenda zangu kulala. Weee! Hata usingizi haujanikolea simu inalia, diski imejaa 100%, nyingine 100%, nyingine tena, seva zote za Ubuntu zinalia kwa pamoja, mke wangu akabeba mto akahamia sebuleni. Kumbe ni zile snap, vifurushi vya programu za Ubuntu, zinajipachika kama diski za kusoma tu so siku zote zinaonekana zimejaa, na node exporter yetu, ile inayoipa Prometheus namba za seva, ilikuwa ya kizamani haiziruki.

Siku hizi sirushi kitu kabla sijaijaribu ile kwari (swali la alati linalochota namba) kwenye grafu ya wiki mbili zilizopita, nahesabu ingelia mara ngapi, ikiwa mara 40 najua hapo sijaandika alati nimeandika kero. Halafu kuna promtool test rules, amri ya kujaribu alati, unaipa namba za kubuni kwenye faili la YAML, unaiambia dakika ya 15 alati hii iwe imelia, inakujibu bila kuamsha mtu.

Nayo amtool, amri ya upande wa kutuma alati, inakuonyesha ujumbe utaangukia kwa nani.

Ila kinachonitisha zaidi ni alati isiyolia kabisa, maana seva ikizima namba zinakata, kwari inarudi tupu na wewe unaona kimya ukadhani mambo shwari. Hiyo nayo naijaribu, naweka na absent() pembeni, ile inayoshtuka namba zikikosekana.