Siku moja maishani mwangu: kuwalea wanaojitolea

Saa 2 asubuhi. Naanza na simu za wadhamini. Kila anayeomba kujitolea kwenye programu yetu ya vijana hutuachia majina ya watu wanaomfahamu, nami huwapigia wote. Siulizi kama ni mtu mzuri, maana hakuna atakayesema hapana. Nauliza, "Umewahi kumwona akiwa na watoto wasiomsikiliza? Alifanyaje?" Leo mama mmoja amenyamaza, kisha akasema, "Alikaa nao chini, akangoja watulie." Nimeliandika jibu hilo lilivyo.

Saa 4. Usaili. Kaka mmoja anasema yuko tayari kwa kazi yoyote. Moyo huo naupenda, lakini mtu wa "kazi yoyote" asipokabidhiwa jukumu lenye siku na saa, haichukui muda hujitoa. Tunaandika pamoja: Jumatano jioni, kuandikisha mahudhurio, kumpokea kijana mgeni na kumtambulisha kwa wenzake.

Saa 6. Ratiba na ujumbe wa kukumbushana zamu.

Saa 8. Mafunzo ya wapya. Hapa siharakishi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, isipokuwa pale sheria ya nchi inapomtambua mapema kuwa mtu mzima. Kwa hiyo yule wa miaka 17 mwenye sauti nzito na kimo cha kumzidi mwalimu wake bado yuko chini ya ulinzi wetu. Kisha tunaigiza. Mmoja anakuwa mtoto, anasema, "Nitakuambia kitu, ila usimwambie mtu." Karibu wote hujibu, "Sawa, siri yako." Tunarudia mpaka jibu libadilike: "Nitakusikiliza. Kama kuna hatari, itabidi nimwambie mtu wa kukusaidia." Kuahidi siri ni kujifunga mikono siku mtoto anapokuhitaji zaidi.

Saa 10 jioni. Vijana wamefika. Dada aliyekuwa akimfuata mzoefu kwa wiki kadhaa leo anaongoza kipindi mwenyewe, mzoefu akiwa pembeni. Anaongea kwa kasi, hapumui, na vijana wa nyuma wameanza kunong'onezana. Natamani kuingilia. Nabaki nilipo, kwa sababu nikimpokonya kipindi mbele ya vijana, wiki ijayo watanitazama mimi badala yake. Baada ya muda anaweka karatasi chini na kumuuliza mmoja wa wale wa nyuma, "Wewe ungefanyaje?" Kijana anajibu, mwenzake anampinga, ukumbi unachangamka.

Saa 12. Vijana wakishaondoka, nakaa na yule dada. Natanguliza swali: "Umeona nini leo?" Anataja kasi yake kabla sijaitaja. Nabakiwa na kazi ya kumwonyesha mahali alipopatia, na tunakubaliana wiki ijayo aandae maswali kabla ya maelezo.

Saa 1 usiku. Nampigia mzoefu mmoja aliyeadimika siku hizi. Wengi hutoweka kimya kwa aibu, na hakuna anayewatafuta. Kumbe kazini wamembadilishia zamu, jioni hapati tena nafasi. Namuuliza kama Jumamosi asubuhi angeweza kuwanoa wapya wawili. Anauliza, "Nianze Jumamosi hii?"