Wiki ya nne bila chapati

Jamani mimi ni mtu wa chai ya maziwa na chapati mbili kila asubuhi tangu utoto, sasa mwaka huu tumbo likaanza kujaa gesi mpaka nikipanda daladala ya Igoma hapa Mwanza nafungua kifungo cha suruali kimya kimya, daktari akasema tutoe maziwa na ngano kwanza, wiki nne hivi, halafu nirudishe kimoja kimoja kwa siku tatu tatu, huku naandika kwenye daftari nimekula nini na tumbo limejibuje.

Kusema rahisi. Ugali wa muhogo upo, samaki sato wa soko la Mwaloni yupo, kwa hiyo njaa silali nayo. Shida ni ngano inayojificha! Juzi mama ntilie wa Kirumba kaniletea sangara wa kukaanga, nageuza kipande naona kiganda fulani hivi, namuuliza, "Dada, hapa umepaka nini?"

"Ngano kidogo tu kaka, asivunjike."

Nikabandua ganda lote kwa kijiko, yeye ananiangalia kama nimemtukana.

Aliyeniokoa ni bibi, katuma michembe, vile viazi vitamu vya kukatwa na kukaushwa, toka Magu, naichemsha asubuhi naiponda na karanga, aisee hiyo kitu inakaa tumboni mpaka saa nane mchana na gesi hamna.

Jumatatu narudisha maziwa, naanzia na mtindi kwa sababu laktosi yake, ile sukari ya maziwa, imepungua kwenye kuchachuka. Siku hiyo daladala sipandi, natembea.